Saa ya Mtahiniwa

Kwa miaka kadhaa kabla ya siku hiyo sikuwa nikivaa saa. Ile niliyokuwa nayo ilikatika mkanda, nikaitia kwenye droo nikikusudia kuipeleka kwa fundi, na kadiri siku zilivyopita nikaona kwamba siihitaji, kwa kuwa simu ilikuwa mfukoni daima na wakati wake ulikuwa wa uhakika kuliko wa saa yangu, ambayo haikukosa kuchelewa. Nilifika hata mahali pa kuwatania wenzangu waliokuwa bado wakivaa, nikiwauliza kama hiyo ni saa au ni bangili.

Nilikuwa bado mgeni katika ualimu nilipopangiwa kusimamia mtihani wa watu wazima waliokuwa wakijiendeleza kimasomo, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Simu hazikuruhusiwa chumbani, zetu wasimamizi zikiwemo, na zote zilikuwa zimefungiwa kabatini katika ofisi iliyokuwa jengo la pili. Niliandika ubaoni muda wa kuanza na wa kumaliza, nikaonyesha saa ya ukutani, nikatangaza kwamba hiyo ndiyo tutakayoifuata sote.

Katikati ya mtihani mtahiniwa mmoja wa safu ya mbele, mtu mzima aliyenipita umri kwa mbali, aliinua mkono. Nilidhani anataka karatasi ya ziada.

“Mwalimu,” alisema kwa sauti ya chini, “ile saa imesimama.”

Ilionyesha saa 4:22. Nilitaka kubisha, kwa sababu kutoka nilipokuwa niliuona mshale wa sekunde ukicheza. Niliposogea ndipo nilipoona kwamba ulikuwa ukiruka na kurudi palepale, karibu na namba 9, bila kupiga hatua hata moja. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba betri inapodhoofika mshale huo hupenda kukwama upande wa kushoto, maana huko ndiko unakopanda ukibeba uzito wake, ilhali upande wa kulia huteremka bila taabu. Wakati ule sikuelewa lolote ila kwamba nilikuwa nimeitazama saa ile mara mbili au tatu, nikauona mshale ukitikisika, nikaridhika.

Mkono wangu ulizama mfukoni wenyewe kutafuta simu isiyokuwemo. Mwenzangu aliyekaa nyuma alitazama kifundo chake cha mkono, kilichokuwa kitupu kama changu. Sikuona vyema kumuuliza mtahiniwa saa ngapi, jambo ambalo hadi leo naona lilikuwa kiburi zaidi kuliko kufuata kanuni, kwa hiyo nilimtuma mwenzangu ofisini. Alirudi akihema, na kikaratasi mkononi kilichoandikwa 4:44. Nilikuwa nimeanza kuyaandika ubaoni aliponishika bega na kuninong’oneza kwamba hiyo ilikuwa saa ya kule kabatini, kabla hajafunga mlango, kushuka ngazi, kuvuka uwanja na kupanda ngazi nyingine. Tukabaki tumesimama pale, walimu wawili, tukikadiria ni dakika ngapi alizotembea.

Yule mtahiniwa hakusubiri tumalize hesabu. Alifungua mkanda wa saa yake, akaiweka kwenye ukingo wa meza.

“Chukua hii, mwalimu. Niliilinganisha na ile ya ukutani tulipoanza.”

“Na wewe, mzee wangu, utatumia nini?”

“Iweke mezani kwako. Wewe utuandikie ubaoni.”

Ilisoma saa 4:47. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama dakika 25 bila mimi kujua, na kama asingesema, ningeendelea kuwatangazia watu muda ambao haukuwepo.

Ilikuwa saa ya kutia ufunguo, kioo chake kimechubuka, na mkanda wa ngozi umejikunja kwa umbo la mkono wa mwenyewe. Ukumbi ulipotulia niliisikia: saa nyingi za zamani za aina hiyo hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde, mlio mwepesi unaokimbia kuliko mtu anavyotarajia. Kwa usahihi isingeifikia ile ya ukutani, ambayo ndani yake mna fuwele ya kwatsi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Simu inazishinda zote mbili kwa kuwa hujirekebisha kwa mtandao, na katika hilo sina ubishi na wanaosema saa ya mkononi imepitwa na wakati. Ila simu ni saa ya mfukoni. Mwaka 1904 Louis Cartier alimtengenezea rubani Alberto Santos-Dumont saa ya kuvaa mkononi kwa sababu rubani huyo hakuweza kuachia usukani kila mara apekue mfukoni, na katika Vita ya Kwanza ya Dunia askari waliokuwa na shughuli mikononi waliizoea kwa sababu hiyo hiyo, ingawa kabla ya hapo wanaume wengi waliihesabu kuwa pambo la wanawake. Mimi, kwa kuona nimeendelea, nilikuwa nimeirudisha saa mfukoni, na kutoka mfukoni ikaenda kabatini. (Saa janja, zinazopokea ujumbe, zilikuwa zimefungiwa humo humo pamoja na simu.)

Niliandika muda ubaoni kila baada ya robo saa. Kati ya mara moja na nyingine nilimwona yule mtahiniwa akigeuza mkono wake wa kushoto, akiutazama ule mstari mweupe ulioachwa na mkanda, kisha akiinua macho ubaoni. Alifanya hivyo mara nne nilizohesabu, na kila mara nilitamani niende nimrudishie.

Ilipofika saa 6:00 kwa saa yake, niliamuru kalamu ziwekwe chini. Alikuja mezani wa mwisho. Aliipeleka saa sikioni kwanza, akazungusha kitufe chake mara kadhaa, akaifunga juu ya ule mstari.

“Kwa kawaida huwa naitia ufunguo usiku,” alisema. “Leo imefanya kazi ya watu wengi.”

Jioni nilifungua droo. Saa yangu ilikuwa imesimama saa 8:10, ya mchana au ya usiku, ya mwezi upi, sikuwa na namna ya kujua. Niliinunulia betri na mkanda, na wiki iliyofuata nilipopangiwa mtihani mwingine niliingia ukumbini mapema, nikasimama chini ya saa ya ukutani, iliyokwisha kutiwa betri mpya, nikailinganisha na yangu kabla ya kugawa karatasi.