Usiku wa Kukesha Katika Nyumba Inayosemekana Kuwa na Mizuka

Anayetaka kukesha katika nyumba kongwe inayosemekana kuwa na mizuka aianze kazi mchana, kwa sababu sauti nyingi zinazotisha usiku chanzo chake huonekana jua likiwa bado juu. Kabla giza halijaingia tulikagua kila mlango, tukapima joto la kila chumba, na kuweka kipimo cha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huleta kizunguzungu na hata maruweruwe.

Ilipofika saa nane usiku, ngazi ya mbao ilianza kulia kidato baada ya kidato, kana kwamba mtu anapanda. Kipimajoto kilionyesha kuwa ukumbi ulikuwa umepoa sana, na mbao zinapopoa husinyaa na kutoa mlio. Hata hivyo nywele zilinisimama.

Mwaka 1998 Vic Tandy, mhandisi wa Uingereza, alieleza jinsi umbo la kijivu aliloliona pembeni mwa jicho lilivyohusiana na feni iliyotoa takriban mitetemo 19 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio kwa kawaida halisikii. Ubaridi nilioupata karibu na dirisha la ghorofani, ambao kipimajoto hakikuuonyesha, nimeuandika kama ulivyokuwa, na nitaurudia kwa kipimo cha mitetemo ya aina hiyo.