Nunua Ramani Kwanza, Kifaa Baadaye: Safari Yangu na GPS ya Gari

Kifaa changu cha kwanza cha GPS nililetewa na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Uingereza, na siku nilipokibandika kwenye kioo cha mbele cha gari, pale Mbezi, kilinionyesha kigari kidogo kilichosimama katikati ya uwanja mtupu usio na barabara wala nyumba. Setilaiti kilikuwa kimezipata, kasi ya gari kiliisoma sawasawa, hata saa ya jua kuzama Dar es Salaam kilikuwa nayo. Kilichokosekana ni ramani. Ndani yake mlikuwa na kila kichochoro cha Birmingham na kila kipilefti cha Leeds, lakini Barabara ya Morogoro, ambayo ndiyo niliyokuwa juu yake, haikuwemo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila anayeniuliza kuhusu vifaa hivi kwamba ajiulize kwanza ramani ataipata wapi, kisha ndipo atafute kifaa cha kuiweka. Madukani mambo huenda kinyume: muuzaji hukuonyesha ukubwa wa skrini na mng'ao wake, nawe unalipa, halafu unarudi nyumbani na kioo kizuri kinachokuonyesha nchi ya watu wengine.

Kabla ya kuendelea niondoe jambo moja linalowatatiza wengi. GPS haitumii bando. Setilaiti zake, ambazo mfumo uliundwa ziwe zisizopungua 24, huzunguka dunia kwa umbali wa takribani kilomita 20,200 juu yetu na kutangaza saa na mahali zilipo, na kifaa chako kazi yake ni kusikiliza tu. Kikisikia nne kwa pamoja kinaweza kupiga hesabu ya mahali kilipo: tatu kwa ajili ya mahali penyewe, na ya nne kwa sababu saa iliyomo ndani ya kifaa ni ya bei rahisi na inahitaji kusahihishwa. Simu yako nayo hufanya hivyo hivyo, ndiyo maana hata porini pasipo na mnara wa simu bado inajua ilipo. Kinachohitaji bando ni ile ramani inayopakuliwa kipande kwa kipande unavyosonga mbele, na hapo ndipo kifaa cha gari chenye ramani yake yote tumboni kinapoipita simu ya mtu asiyekumbuka kupakua ramani kabla ya safari. Kwa anayekumbuka kupakua, na mwenye simu isiyopata moto kupita kiasi juani, sioni sababu ya kununua kifaa kingine. Mimi nakitumia kwa kuwa simu yangu hupigiwa njia nzima, na kila inapoita ramani hujificha nyuma ya jina la mpigaji.

Wapo pia wanaodhani kwamba gari walilolitoa bandarini lina navigesheni tayari, kwa kuwa lilikuja na skrini kutoka Japani. Skrini ipo, lakini ramani yake ni ya Japani na sauti yake ni ya Kijapani, na mara nyingi hata ile kadi ya ramani imeshatolewa, hivyo inakuandikia ujumbe usioweza kuusoma kila unapowasha gari. Baadhi ya redio hizo hujifunga kabisa betri ya gari ikichomolewa, zikadai namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza ndiye aliyekuwa nayo. Redio yenyewe, hasa ya gari la miaka ya nyuma, hushika masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90 tu, kama ilivyokuwa kwao, hadi fundi akufungie kiongeza masafa. Ukiamua kubadilisha redio nzima ni sawa, lakini hilo ni jambo la gharama nyingine.

Nirudi kwenye ramani. Vifaa vya kampuni kubwa kama Garmin na TomTom huuzwa kwa maeneo, na kile kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya huja na Ulaya. Maneno "ramani za maisha" yaliyoandikwa kwenye boksi yana maana ya maisha ya kifaa hicho, na kwa eneo lile lile kilichouzwa nalo. Hayakupi Tanzania kama Tanzania haikuwemo. Kwa Garmin kuna njia mbili ambazo mimi mwenyewe nimezitumia. Ya kwanza ni ramani za kulipia za Tracks4Africa, zinazotengenezwa Afrika Kusini na kujengwa kwa njia zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe, nazo ni nzuri hasa kwa mbugani na barabara za vumbi. Ya pili ni ramani huria za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, ambazo hupatikana bure zikiwa zimegeuzwa kuwa faili moja linaloitwa gmapsupp.img. Unaliweka ndani ya folda iliyopewa jina Garmin kwenye memori kadi, unaichomeka kadi, unawasha, basi. Ule uwanja mtupu wa Mbezi uligeuka kuwa mji mbele ya macho yangu kwa gharama ya memori kadi tu.

Ramani hizo huria zimejaa sana kwa Dar es Salaam, na sababu yake inajulikana. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe, kupima njia, mifereji na majengo katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Lengo lilikuwa maji, lakini dereva naye amenufaika: vichochoro vya Tandale vimo. Upungufu wake ni katika kutafuta anwani, ambako kifaa changu hukwama mara kwa mara. Vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba tulivyowekewa katika zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 hakivitambui, kwa hiyo mahali ninapokwenda naingiza kwa latitudo na longitudo, au ninagusa mwenyewe juu ya ramani.

Ukiwa dukani, basi, usiridhike na kifaa kuwaka. Omba utafutiwe mji wa wazazi wako, na uangalie kama barabara ya kuufikia inaonekana hadi mwisho wake. Muulize muuzaji kama kuna nafasi ya memori kadi, kwa maana kifaa kisicho na nafasi hiyo kinakufunga kwenye ramani ambayo kilikuja nayo. Kama ni cha mtumba, kitoe nje mahali pa wazi na utazame tarehe inayoonyeshwa. Hesabu ya wiki katika mawimbi ya GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na ilirudi mara ya mwisho tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusahihishwa vinaweza kukupeleka nyuma karibu miaka ishirini. Usikihukumu pia kwa kuchelewa mara ya kwanza. Kifaa kilichozimwa muda mrefu na kusafirishwa mbali huhitaji kujifunza upya ratiba ya setilaiti zote, na ratiba hiyo hutangazwa kwa dakika 12 na nusu.

Kuhusu umbo sina mengi. Inchi 5 zinatosha gari dogo, 7 zinalifaa lori. Mwenye lori ahakikishe chaja inakubali volti 24, si 12 tu. Betri ya ndani usiitegemee, kwani imewekwa kwa ajili ya dakika chache za kushuka na kupanda. Kwenye vioo vilivyowekwa tabaka la madini la kuzuia joto mawimbi hupenya kwa shida. Kibandike chini pembeni, mahali pasipokuzuia kuona barabara wala pasipo juu ya mfuniko wa mfuko wa hewa, na usikiache juani gari likiwa limeegeshwa, kwa kuwa betri za aina hiyo huvimba.

Jaribio kubwa nililokifanyia lilikuwa safari ya Mpanda, kwenda kuona shamba la familia. Nilikuwa nimekiagiza kiepuke barabara zisizo na lami, agizo ambalo kwa akili ya kawaida ni la busara. Tulipofika Manyoni kikaninyoosha kuelekea Singida, Igunga na Nzega ili niingie Tabora kwa kuzunguka, ilhali mbele ya macho yangu mabasi ya Tabora yalikuwa yakikata kushoto kwenda Itigi. Nilisimama kituo cha mafuta nikauliza, nikaambiwa njia ya Itigi ni lami hadi Tabora. Ramani iliyokuwa kwenye kadi yangu ilikuwa ya zamani kuliko lami hiyo. Kutoka Tabora kwenda Mpanda kupitia Sikonge kosa lilikuwa lile lile: kwa kifaa ilikuwa bado ni barabara ya vumbi, nacho kikapendekeza, kwa utulivu wote, nirudi nilikotoka nikapitie Mbeya, Tunduma na Sumbawanga. Nililiondoa lile agizo la kuepuka vumbi, na njia ikanyooka papo hapo. Siku hizi hupakua faili jipya kabla ya kila safari ndefu, na usiku wa kuamkia safari huipitia njia nzima kwenye skrini, mji baada ya mji, nikiwa nimekaa sebuleni.

Shambani kwenyewe palinifundisha jingine. Mpima ardhi wa zamani alikuwa ametuachia karatasi yenye namba za kona za shamba, nami nilizigeuza kuwa latitudo na longitudo nikaziingiza. Kona ya kwanza ikaangukia katika mahindi ya jirani. Hakuna aliyekuwa amehamisha mpaka: ramani nyingi za upimaji wa zamani katika nchi yetu zimetumia vipimo vya Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji wa ukanda wetu, wakati GPS hutumia WGS 84, mfumo wa dunia nzima, na tofauti kati ya hivyo viwili hapa kwetu ni takribani mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Mtu asiyejua hili anaweza kuanzisha ugomvi wa ardhi kwa kosa la hesabu. Angalia pia herufi ya S au alama ya kutoa mbele ya latitudo. Mpanda iko karibu na 6.34 Kusini na 31.07 Mashariki, ukisahau kuiambia Kusini, kifaa kitakupangia safari ya Sudan Kusini, na hakitakuuliza kama una hakika.

Njiani nilikipenda zaidi kwa kasi. Mshale wa dashibodi huundwa usionyeshe pungufu ya kasi halisi, kwa hiyo mara nyingi huzidisha kidogo, na kwenye gari langu ukisema 50 GPS husema 47. Hata hivyo vibao vya 50 vya vijijini vingi havimo kwenye ramani, na anayengoja kifaa kimwonye kabla ya kupigwa tochi atalipa faini nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo saa ya kufika inayokadiriwa ni ya dereva asiyepita kijijini. Sauti niliizima tulipokuwa bado mjini, baada ya kusikia Chang'ombe ikitamkwa kama maneno mawili yaliyokosana.

Usiku tukilala njiani hukitoa pamoja na kishikio chake, kisha nafuta kwa kitambaa ile duara inayobaki kwenye kioo, kwa kuwa mwizi akiiona hiyo hujua cha kutafuta ndani ya droo. Na palipoandikwa "Nyumbani" nimeweka kituo cha mafuta kilicho karibu na kwetu. Kutoka hapo njia naijua.