Makufuli ya Sitges

Machi 2017 nilikuwa Barcelona kikazi, na siku yangu ya mwisho nikapanda treni ya kwenda kusini. Njia inatoboa vilima vya Garraf: unaingia gizani, unatoka, bahari iko palepale chini ya dirisha. Nikashuka Sitges, mji mdogo wa pwani.

Huko Barcelona nilikuwa nimeshaingia majumba ya mtaa wa Carrer de Montcada, ya matajiri wa zamani, ambayo leo ni makumbusho ya Picasso. Ni mazuri mno, ila watu walijaa hata sikupata pa kusimama. Nilitamani nyumba ambayo bado ni nyumba.

Cau Ferrat ndivyo ilivyo. Mwaka 1893 mchoraji Santiago Rusiñol, mtoto wa ukoo wenye viwanda vya nguo, alinunua vijumba vya wavuvi ukingoni mwa bahari, akavigeuza makao yake. Alifariki mwaka 1931 akiwa ameuachia mji nyumba hiyo na vilivyomo, na mwaka 1933 milango ikafunguliwa kwa umma. Ubavuni pake lipo kasri la Maricel, alilojengewa Mmarekani Charles Deering. Hilo nililipita haraka.

Chini kuna kuta za buluu iliyokolea na sahani za udongo zilizotundikwa hadi juu. Nikapanda ngazi. Ukumbi wa juu ni mrefu kama wa kanisa, na humo mna picha mbili za El Greco, mchoraji wa karne ya kumi na sita. Rusiñol alizinunua Paris, na Novemba 1894 watu wa Sitges wakazibeba kwa maandamano kutoka stesheni hadi nyumbani kwake, wakati ambapo wengi walikuwa hawamthamini El Greco.

Lakini kilichonishika mimi kilikuwa chuma. Jina lenyewe, Cau Ferrat, ni kama kusema pango la chuma. Makufuli, funguo, makomeo, pete za kugongea mlango, vinara vya mishumaa virefu kunizidi, vyote vimewekwa ukumbi mmoja na El Greco. Nilisimama nikalia.

Baba yangu ni mhunzi. Nimekulia Tanga kwenye karakana yake, nikivukuta mivuo kabla ya kwenda shule. Makomeo aliyoyafua yako kwenye milango ya mtaa mzima, na sikumbuki mtu aliyewahi kuyatazama zaidi ya kuyafunga na kuyafungua.

Nilitoka nje, nikampigia simu pale barazani, mawimbi yakipiga mwamba chini yangu. Nikamweleza vile vinara. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Fito zimeungwaje, mwanangu? Wamechomelea?"

"Sikuangalia, Baba."

"Rudi uangalie."

Mama wa mlangoni aliitazama tiketi yangu, akanitazama usoni, akanipisha. Nikapanda tena, nikainama karibu na kinara cha kwanza kadiri ilivyoruhusiwa. Palipokutana fito mbili pamezungushiwa ukanda mwembamba wa chuma, umekazwa ungali wa moto, na alama za nyundo zinaonekana juu yake, moja baada ya nyingine, hazilingani.

Nikampigia tena.

"Wamefunga ukanda, Baba. Na nyundo inaonekana."

Akanyamaza kidogo. "Upana gani?"

Nikapima kwa macho. "Kama kidole chako cha shahada."

"Ee," akasema. "Hapo sawa."