Kigari cha Lesney pale Mwanjelwa

Jamani, leo nimerudi kutoka soko la Mwanjelwa, Mbeya, na furaha tele. Kwenye meza ya midoli ya mitumba nimekuta kigari kidogo cha chuma, cha kijani, rangi imebanduka kwenye boneti. Nikakigeuza: chini pameandikwa Matchbox, Lesney, England. Moyo ukanidunda! Lesney, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vigari vya Matchbox, walifilisika mwaka 1982, kwa hiyo kigari hiki kimenizidi umri.

"Shilingi ngapi, mama?"

"Elfu kumi."

Nikasema elfu tatu. Akacheka. "Mwanangu, hicho chuma, siyo plastiki." Kweli kabisa. Nikamwonyesha ekseli ya nyuma ilivyopinda, akashuka hadi elfu saba. Nikaongeza viwili vya plastiki vya mtoto, akanipa vyote kwa elfu nane.

Sikumwambia ni takataka. Kuponda mali ya mtu ili ashushe bei naona si ustaarabu kabisa, na wauzaji hawasahau. Onyesha kasoro iliyopo, basi. Nilipolipa akaninong'oneza kwamba Jumamosi anafungua belo jipya, niwahi asubuhi. Ndaga (asante kwa Kinyakyusa), mama!

Rangi sitaigusa. Ukikipaka upya, kwa wakusanyaji thamani inashuka.