Geji 30 kwa bei ya geji 28: nilivyodai pesa zangu kwa wakala wa nyumba

Simu ya Nalongo, mpangaji wangu wa Kampala, ilinikuta sokoni Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, nahesabu vitenge. "Hajjati, nyumba yako inanyesha ndani." Hakusema inavuja. Alisema inanyesha.

Kwanza nilimkatalia. Ilikuwa Machi 2023, na haukuwa umepita hata mwezi tangu wakala amalize kunikata shilingi 2,400,000 za Uganda kwenye kodi za wapangaji za miezi miwili kwa ajili ya paa hilohilo. Risiti ninayo kwenye simu: mabati 30 ya geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati), ya mita tatu, kila moja 62,000, na ufundi 540,000. Nikamwambia labda umesahau dirisha wazi. Hakubishana, alituma picha tu. Beseni la kuogeshea mapacha lilikuwa katikati ya kitanda, na dari juu yake ilikuwa na doa la rangi ya chai, imelegea na kuning'inia kama tumbo la mbuzi mwenye mimba.

Nyumba zangu ziko Kireka, pembeni mwa Kampala, nne, za vyumba viwili viwili chini ya paa moja refu. Alizijenga marehemu mume wangu kwa mshahara wa jeshi, chumba kimoja leo, kingine mwakani. Alipofariki nilirudi kwetu Arua, na Arua mpaka Kampala ni usiku mzima ndani ya basi, kwa hiyo nikampa wakala azisimamie. Kila nyumba 450,000 kwa mwezi, yeye anachukua asilimia 10, yaani 180,000. Tuliandikiana karatasi moja iliyosema kwamba wakala "atasimamia marekebisho yote". Neno "yote" ndilo lililonila.

Nilipompigia alinijibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa: "Nyabo, fundi alishalipwa, kazi iliisha vizuri. Hiyo ni mvua tu, imekuwa kubwa mwaka huu." Akamrudisha fundi yuleyule kupaka lami. Aprili nikakatwa 350,000 nyingine. Nalongo aliniambia fundi hakukaa juu hata saa nzima. Mvua iliyofuata, beseni lilirudi kitandani, safari hii na sufuria pembeni yake.

Mwezi Mei Nalongo, mpole kuliko wapangaji wangu wote, akasema kodi yake ataishikilia mpaka paa lipone. Niliudhika sana. Nilitaka kumwambia amfuate wakala, yeye ndiye mwenye kushughulikia paa. Mpwa wangu, ambaye ana kichwa cha mambo ya sheria, akanikatiza: "Shangazi, yule mama hana mkataba na fundi wala na wakala. Mwenye nyumba ni wewe." Akanieleza kwamba Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba inakalika. Mambo yangu na wakala ni yangu na wakala.

Na kuna URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kwa sisi watu binafsi, ushuru wa nyumba za kupangisha ni asilimia 12 ya kodi yote uliyokusanya kwa mwaka, baada ya kuondoa ile 2,820,000 ya mwanzo. Gharama za matengenezo haziondolewi. Mimi nakusanya 21,600,000 kwa mwaka, ushuru wangu ni 2,253,600, paa livuje lisivuje. Kwa hiyo zile 2,750,000 zilizokwenda kwenye mabati na lami sikuzigusa, paa sikupata, na ushuru wake natakiwa kulipa. Usiku ule niliposhika kalamu nikazipiga hizo hesabu ndipo nilipokata tiketi ya basi.

Nilifika Kampala alfajiri, na jambo moja nililofanya sawasawa ni kwamba sikwenda ofisini kwa wakala kwanza. Nilikwenda kumtafuta Mzee, fundi aliyejenga na mume wangu, na baada yake mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa. Nilimwomba mwenyekiti aje tu asimame chini aone. Alikuja na daftari lake, akakataa chai.

Mzee alipanda ngazi bila viatu. Alitembea kwenye mstari wa misumari, mahali penye mbao chini, akawa anahesabu kwa sauti. Mabati mapya yalikuwa 18. Mengine 12 yalikuwa yaleyale ya zamani, yamepakwa rangi ya fedha ili yafanane na wenzake. Halafu akaniita nipande. Nina miaka 58 na magoti yangu si ya ngazi, lakini nilipanda mpaka kichwa kikafika usawa wa paa.

Alinionyesha mawimbi ya bati. Msumari wa kofia unapigwa juu ya mgongo, alisema, kwa sababu maji yanapita bondeni. Hii yetu ilipigwa bondeni, mstari mzima, na mingi haina kile kimpira chini ya kofia. Alishika mmoja kwa vidole viwili, akauzungusha, ukatoka kama jino la mtoto. Chini yake palikuwa na tundu, juu kabisa ya kitanda cha Nalongo.

Kisha akainua ukingo wa bati jipya na kunisomea muhuri wa kiwandani uliochapishwa upande wa ndani. Geji 30. Kwa asiyejua, kwenye mabati namba ikipanda unene unapungua: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la 28, na bei yake ni ndogo zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui mpaka siku hiyo. Ningeonyeshwa ule muhuri mwezi wa Februari ningefurahi kwamba nimepewa namba kubwa.

Ulikuwa ndio wakati ule nchi nzima inazungumzia mabati ya Karamoja, yale ya msaada kwa maskini yaliyoishia kwa wakubwa, na mawaziri wakipelekwa mahakamani. Mwenyekiti alicheka, akasema, "Hajjati, kumbe na Kireka tuna Karamoja yetu." Lakini aliandika yote kwenye daftari: idadi, geji, misumari. Mzee akamwaga jerikeni moja ya maji juu ya paa, na mimi nikiwa ndani nikapiga picha ya video ya maji yakidondoka kwenye beseni lilelile, mbingu ikiwa kavu kabisa. Ile video ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote ya baadaye. Siku ya pili nilipitia maduka ya vifaa vya ujenzi Ndeeba, palepale Kampala, nikauliza bei ya bati la geji 30 la mita tatu: 41,000. Nikaomba waniandikie kwenye karatasi yenye muhuri.

Ndipo nikaenda ofisini. Hapa nikiri, niliharibu. Nilianza kwa kupiga kelele, nikamtaja mama yake wakala ambaye hakunikosea lolote, na saa nzima ikapotea. Tulipotulia wakala alimpigia fundi mbele yangu, simu imezimwa. Akanyoosha mikono: "Nyabo, sasa unaona. Shida yako ni na fundi, si na sisi. Sisi tulimlipa kwa nia njema."

Nilikaa kimya kidogo, halafu nikasema maneno ambayo ningeanza nayo kama ningekuwa na akili: "Huyo fundi mimi simjui. Sina namba yake, sikumchagua, sijamlipa hata senti. Pesa zimetoka mkononi mwako, na kabla ya kufika mkononi mwako zilikuwa kodi yangu. Wewe mtafute fundi wako. Mimi nimeshakupata wewe."

Hakujibu. Alianza kupanga makaratasi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Karani mmoja mahakamani, niliyemkuta kwa kuuliza uliza tu, ndiye aliyeninyoosha. Uganda kuna utaratibu wa madai madogo, wa tangu 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Unakwenda mwenyewe bila wakili, na yule unayemdai pia haji na wakili. Lakini utaratibu huo ni wa madeni, bidhaa na kodi ya nyumba, na kabla ya kufungua unampa mdaiwa notisi ya siku 14. Barua yangu ya kwanza ilikuwa imejaa "kazi mbovu" na "uzembe". Nikaichana. Ya pili iliongelea kodi yangu iliyozuiwa kwa kazi ambayo haikufanyika, na namba tu.

Mabati 18 ya 41,000 ni 738,000, nilitozwa 1,860,000, tofauti 1,122,000. Lami iliyopakwa juu ya kazi mbovu, 350,000. Ufundi unaotakiwa kurudiwa upya, 540,000. Jumla 2,012,000. Nikaambatanisha maandishi ya mwenyekiti yenye muhuri, bei ya Ndeeba, na video nikamtumia kwa WhatsApp. Nakala moja alisaini kuipokea, nikapanda basi kurudi Arua. Pale Karuma nyani walikuwa barabarani wanaomba ndizi, na mimi nilikuwa na usingizi kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Siku ya 11 alinipigia. Hakuwa tena na sauti ya kubembeleza mgonjwa. Alianza na laki tano. Nikamwambia siku zimebaki tatu. Tukaishia 1,700,000: laki nane alinitumia kwa simu, mobile money, siku hiyohiyo, na laki tisa zilizobaki atakatwa kwenye asilimia yake, miezi mitano bila kuchukua 180,000.

Dada zangu walinicheka kwamba nimebaki na mwizi. Huenda. Lakini wakala mpya angekuja na "marekebisho yote" yake na fundi wake, na huyu tayari anajua kwamba nitapanda ngazi. Karatasi tuliiandika upya. Kazi yoyote inayozidi laki mbili hainunuliwi hata msumari kabla sijapigiwa simu na kupewa bei za mafundi wawili. Kabla ya bati kupigwa napigiwa picha ya muhuri wake, kila bati. Na malipo ya mwisho ya kazi ya paa hayatoki mpaka mvua inyeshe juu yake. Hilo la mwisho alilipinga sana, akasema hakuna fundi Kampala atakayekubali. Mzee alikubali kwa neno moja.

Nalongo nilimsamehe nusu ya kodi ya Mei, tukayamaliza. Paa Mzee alilifanya upya mwezi Juni, mabati 30 ya geji 28, kwa hizo laki nane na mkopo kutoka kwenye chama chetu cha akina mama. Yale 18 membamba jirani aliyanunua kwa banda la kuku. Ufundi tulipatana 500,000, nikampa Mzee laki nne, laki moja ikabaki kwangu ikisubiri mawingu.

Julai ilikuwa kavu. Agosti manyunyu tu, na Mzee akajaribu kunishawishi kwamba manyunyu nayo ni mvua. Septemba ikanyesha usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia, namba ya Mzee.

"Hajjati, imenyesha."

"Nimesikia. Subiri nimpigie Nalongo kwanza."