Uzito wa Treni

Baba aliendesha treni za Reli ya Kati miaka 31, na alipostaafu hakutaka tena habari za reli. Honi ikisikika usiku kutoka upande wa stesheni, alikuwa akiongeza sauti ya redio. Mama alituonya tusimuulize.

Mwaka 2019 kaka yangu, ambaye ni baharia, alirudi kutoka Hamburg na boksi lenye vichwa viwili vya treni vya mfano, vidogo mara 87 kuliko treni halisi. Nikazipanga reli juu ya plaiwudi sebuleni kwetu Temeke. Baba akachukua rula, akapima upana: milimita 16.5. Akazidisha kwa 87 pembeni mwa gazeti. "Hii si yetu," akasema. "Yetu ni mita moja. Hii ni kama ile ya SGR wanayojenga." Kisha akarudi kwenye kiti chake.

Mimi ni fundi wa redio, kwa hiyo mtambo ule ulinivutia sana. Katika mifano ya zamani, ukiongeza umeme kwenye reli, kila kichwa kilichopo juu yake kinakimbia. Huu wa kidijitali unaweka umeme uleule muda wote, volti 15 hivi, na amri zinapita humohumo relini kama mapigo mafupi na marefu. Kila kichwa kina bodi ndogo ndani, inayotii namba yake tu.

Tatizo ni kwamba vyote viwili vilitoka kiwandani na namba 3. Nilipozungusha kitufe cha rimoti, viliondoka pamoja, vikagongana kwenye kona.

"Nani aliwapa njia?" Baba akauliza kwa ukali kutoka kitini.

Nikakitoa kimoja, nikakiweka peke yake kwenye kipande cha reli pembeni, nikakipa namba 5. Safari hii kila kimoja kilikwenda kwa amri yake. Baba alikuwa amesogea karibu, lakini hakuridhika. "Inaruka kama panzi. Ukiondoka hivi na mabehewa 20, unayakata."

Alikuwa sahihi. Ndani ya bodi kuna vipimo vyenye namba: cha 3 ni cha kuongeza mwendo, cha 4 ni cha kupunguza. Nikaandika 30 kwenye vyote viwili, ili kichwa kichukue karibu nusu dakika kufikia mwendo wa juu. Nikampa Baba rimoti.

Alizungusha kidogo, akasubiri. Kidole gumba chake hakikutulia: kinasogea nywele moja, kinasimama. Kichwa kilianza kutambaa. Nilikuwa nimeweka kiberiti kiwe stesheni, na mimi ningerudisha kitufe kwenye sifuri kichwa kikikifikia. Yeye alikirudisha kichwa kikiwa bado upande wa pili wa meza, akaacha treni ijimalize yenyewe. Ilisimama mlango ukiwa sawa na kiberiti.

Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, alianza kusimulia kilima cha Pugu, jinsi unavyoteremka kuja Dar na mzigo mvua ikinyesha, na unavyoanza kushika breki mapema kabla hujaona kitu. Mama aliita chakula mara mbili.

"Kile cha 4," Baba akasema, macho yakiwa relini, "kiongeze hadi 60. Hii bado haina mzigo."