Jioni aliyokufa Grace Archer

Katika nyumba niliyopanga kusini mwa London mwaka 1955, saa ya ukutani ilikuwapo, lakini wakati tuliujua kwa redio. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ya zile zenye taa za kioo ndani, ukiiwasha husubiri ipate moto ndipo iseme. Usoni iliandikwa majina ya miji: Hilversum, Athlone, Luxembourg. Mshale hata hivyo haukwenda huko. Ulikaa mita 1500, kwenye Light Programme, idhaa ya BBC ya burudani. Bibi mwenye nyumba, mjane wa mfanyakazi wa reli, alilipia leseni ya redio pauni moja kwa mwaka, na hakuna deni alilolikimbilia kulilipa kama hilo.

Alhamisi ile, tarehe 22 Septemba, chuo hakijafungua, nikashinda nyumbani kutwa. Nilikuwa nimetoka Unguja kwenda kusomea ualimu. Kiingereza cha vitabuni nilikuja nacho. Cha jikoni nilikipata kwa redio ile na kwa bibi yule.

Siku ilianza hasa saa tatu na dakika kumi, kwa Housewives' Choice, santuri walizoomba akina mama kwa barua. Saa nne u nusu ikaingia Music While You Work, kipindi kilichoanzishwa mwaka 1940, wakati wa vita, ili mikono ya viwandani isilegee. Muziki wake ulikuwa na masharti. Haukutakiwa ubembeleze watu wakalala, wala uwachangamshe kupita kiasi. Wimbo mmoja wa Kimarekani ulikatazwa kwa sababu una mahali pa kupiga makofi, na wafanyakazi wakifika hapo huacha kazi wakagonga vyuma. Bibi alikuwa kiwandani miaka ile, na muziki ukianza tu alikuwa akiosha vyombo kwa mwendo wake.

Saa nane kasorobo ilikuwa zamu ya watoto, Listen with Mother. Msimulizi alianza kwa kuwauliza kama wamekaa vizuri, ndipo aanze. Nilikipenda kipindi kile kuliko nilivyowaambia wenzangu wa chuoni. Barazani kwa bibi yangu mzaa mama hadithi nayo haikuanza mpaka aseme "Paukwa!" nasi tuitikie "Pakawa!" Alasiri alikuja Mrs Dale wa mchezo wa redio, mke wa daktari, na wasiwasi wake usiokwisha juu ya mumewe Jim. Huyo tulimsikiliza huku tukinywa chai.

Lakini kutwa nzima ilikuwa ikielekea saa moja kasorobo jioni, wakati wa The Archers, mchezo wa redio wa familia ya wakulima.

Mchezo ule ulianza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951. Aliyeubuni, Godfrey Baseley wa BBC Birmingham, alitaka wakulima wapate maarifa ya kilimo ndani ya hadithi, maana chakula kilikuwa bado cha mgao. Nyama yenyewe ilitoka kwenye mgao Julai 1954 tu. Kijiji cha mchezo huo, Ambridge, hakimo katika ramani yoyote. Hata hivyo Dan na Doris wa shamba la Brookfield tuliwajua kuliko watu wa nyumba ya tatu. Mwana wao Phil alikuwa amemwoa Grace Pasaka ya mwaka ule ule.

Jioni ile jirani alikuwa na jambo lake. Saa moja na robo ITV, televisheni ya kwanza ya biashara Uingereza, ilikuwa ifunguliwe, naye alikuwa na seti mpya. Alitualika. Bibi akamjibu, "Nikishatoka Ambridge, nitakuja."

Katika mchezo, banda la farasi likashika moto. Grace akakimbilia ndani kumwokoa farasi aitwaye Midnight. Boriti ikamwangukia. Mwisho tukamsikia Phil akisema kwamba mkewe amemfia mikononi, njiani kwenda hospitali.

Bibi aliinuka, akavua aproni, akaketi tena. Jirani alipogonga ukuta kutuita, bibi aliniambia, "Mwanangu, nenda kawaambie hatuji. Hapa pana msiba."

Nikaenda, nikasema hivyo hivyo, nikarudi. Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Nilitia shilingi kwenye mita ya gesi, nikateleka chai, nikakaa naye.

Magazeti yalisema BBC ilimuua Grace makusudi, kuinyang'anya ITV usiku wake. Simu za BBC zilielemewa, na wako waliopeleka maua. Wako pia waliocheka: mwigizaji, Ysanne Churchman, alikuwa hai na mzima, basi analiliwa nani? Mimi sikucheka, na sicheki leo. Redio haikutupa sura ya mtu. Kila mmoja alimtia sura mwenyewe. Grace wangu alikuwa na macho ya binamu yangu wa Vuga. Wa bibi, aliniambia usiku ule, alifanana na mdogo wake aliyekufa kwa bomu mwaka 1940. Nchi ile ilikuwa ikimsikiliza kwa furaha Peter Brough na mdoli wake Archie Andrews, mtu anayesemesha mdoli bila kinywa chake mwenyewe kuonekana kikicheza, tena redioni, ambako hata mdoli haonekani! Watu wenye masikio ya namna hiyo, Grace alipokufa, kila mmoja alifiwa na mtu wake. Televisheni nimeitazama miaka mingi tangu hapo, na haijanifanyia hivyo.

Kabla ya kulala bibi aliandika barua kwa BBC, akanipa niikague, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Hakukuwa na la kusahihisha. Hakuwatukana. Aliuliza nani atampikia Phil, na kama Doris ameshaambiwa.

Asubuhi niliitia barua posta. Kwenye basi kondakta na abiria wawili walikuwa wakibishana kama boriti ile ingeweza kuanguka vile. ITV hakuna aliyeitaja. Na jioni, saa moja kasorobo haijafika, jirani mwenye televisheni aligonga mlango wetu, kaja na mkewe, na kila mmoja kabeba kiti chake.